Ni wenyeji waliojenga: miji ya kale ya bonde la Ohio na majembe yaliyoifukua

Aprili 1939, uchumi wa Marekani ukiwa bado haujainuka kutoka anguko la 1929, wanaume wasio na kazi wa eneo la Evansville, Indiana, walipewa mabeleshi na kupelekwa kwenye shamba la familia ya Angel, ukingoni mwa mto Ohio. Mshahara wao ulitoka serikalini, kupitia shirika la WPA lililoundwa na Rais Roosevelt ili watu wapate riziki. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia neno akiolojia. Msimamizi wao, Glenn Black, naye hakuwa na shahada ya fani hiyo. Alikuwa amejifunza kwa kusoma, kwa kutembea mashambani, na kwa miezi kadhaa ya mafunzo mjini Columbus, Ohio, chini ya mwanaakiolojia Henry Shetrone. Kazi iliposimama mwaka 1942, baada ya Marekani kuingia vitani, zaidi ya watu 250 walikuwa wamepita hapo, na vitu zaidi ya milioni mbili vilikuwa vimeokotwa, vikaoshwa na kuandikwa namba kimoja kimoja.

Walichofukua ni mji. Si kambi ya wawindaji, wala si makazi ya kupita. Ni mji uliokaliwa kuanzia karibu mwaka 1100 hadi karibu 1450, wenye eneo la hekta 40 hivi ndani ya boma la magogo, vilima 11 vilivyojengwa kwa mikono, uwanja wa katikati, na nyumba za watu wasiopungua elfu moja. Kilima kikubwa kuliko vyote kina kimo cha mita 13. Kila chembe ya udongo wake ilibebwa na binadamu, kwa kuwa hapakuwa na farasi, punda wala gurudumu.

Msomaji wa Kiswahili apige hesabu ya miaka. Ibn Battuta alipoteremka Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule, huku kwenye bonde la Ohio watu walikuwa wakikandika nyumba zao na kutengeneza boma lao. Kilwa na mji huu wa Indiana viliishi wakati mmoja, havikujuana, na kila kimoja kilikuwa na wakuu wake na mafundi wake. Sisi tunaosema Kiswahili huku Louisville, Columbus na Buffalo mara nyingi tunasikia kwamba nchi hii ni changa, kwamba historia yake inaanza na meli za Wazungu. Watoto wetu wanafundishwa hivyo, au wanaelewa hivyo hata kama mwalimu hakukusudia. Mtu akiendesha gari saa mbili hivi kutoka Louisville kwenda magharibi ataona kwa macho yake kwamba sivyo.

Sehemu inayonivutia zaidi katika uchimbaji ule si vitu vya makumbusho, ingawa vipo vya kuvutia. Mwaka 1940 ilipatikana sanamu ndogo ya mtu iliyochongwa kwenye jiwe la floraiti, kazi ya fundi hasa. Kinachonivutia ni madoa. Mbao huoza. Mji wa miti na udongo hauachi kuta zilizosimama kama za magofu ya Gedi huko Kenya. Lakini gogo likichimbiwa ardhini, kisha likaoza au likaungua, shimo lake hujaa udongo mweusi zaidi kuliko ule unaolizunguka. Vibarua wa Black waligawa ardhi kwa kamba katika miraba ya futi 10, wakakwangua udongo taratibu kwa ncha ya beleshi, tabaka baada ya tabaka, mpaka uso wa ardhi ukawa laini. Ndipo yakaonekana: vidoa vya mviringo, kimoja baada ya kingine, kwa mstari. Huu ni ukuta. Pale mstari unakatika, ni mlango. Doa pana lenye udongo mwekundu uliokauka kwa moto, ni jiko. Kila doa lilichorwa kwenye karatasi kabla halijachimbwa. Kwa madoa hayo tu ilijulikana kwamba nyumba zilijengwa kwa miti iliyosimamishwa ndani ya mitaro, zikasukwa kwa fito, zikakandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Ilijulikana pia kwamba boma liliwekewa vituo vya walinzi vilivyojitokeza nje ya ukuta, na kwamba lilijengwa upya zaidi ya mara moja.

Nyumba ya fito na udongo haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia Kilifi, Kigoma, Uvira au kando ya mto Juba. Wapo wasomaji wa makala hii ambao wamekandika kwa mikono yao wenyewe.

Na chakula chao pia tunakijua. Walilima mahindi. Mmea huo ulizaliwa Meksiko, ukapanda kaskazini polepole, na kufikia karibu mwaka 1000 ulikuwa ndio uhai wa miji ya mabonde ya Mississippi na Ohio. Baadaye, Wareno walipofika, ukavuka bahari hadi kwetu. Unga tunaosonga ugali katika vyumba vyetu vya kupanga hapa Louisville unatoka kwenye nafaka iliyoulisha mji ule. Vyungu vyao walivifinyanga kwa udongo uliochanganywa na makombe ya mtoni yaliyosagwa, ili visipasuke motoni, na vigae vya vyungu hivyo ndivyo vingi kuliko kitu kingine chochote katika maboksi ya Black.

Swali la nani aliyejenga vilima hivi lilikuwa limewatesa watu muda mrefu kabla ya Black kushika beleshi, na hapa historia inakuwa chungu.

Walowezi walipoingia Ohio mwishoni mwa karne ya 18 walikuta vilima na maboma ya udongo kila mahali. Mjini Columbus palikuwa na kilima kikubwa katikati ya mji. Kilisawazishwa, udongo wake ukafyatuliwa matofali, na leo kimebaki jina la barabara, Mound Street. Newark, chini ya saa moja kutoka Columbus, kuna duara kubwa la udongo lenye upana wa zaidi ya mita 350, na umbo la pembe nane lililopangwa kufuata mwezi unapochomoza katika mzunguko wake wa miaka 18 na ushei. Hayo ni ya zamani zaidi kuliko mji wa Angel, yana miaka karibu 2000. Mwaka 1848 Ephraim Squier, mhariri wa gazeti mjini Chillicothe, na Edwin Davis, daktari wa mji huohuo, walichapisha ramani za mamia ya kazi hizo. Kitabu chao kilikuwa cha kwanza kabisa kutolewa na taasisi ya Smithsonian.

Ramani zilikuwa nzuri. Maelezo yaliyozunguka ramani, katika vitabu na magazeti ya zama zile, yalikuwa mabaya. Ilisemwa kwamba wenyeji wa asili wasingeweza kujenga vitu vya namna hiyo. Basi wakatafutwa wajenzi wengine: makabila yaliyopotea ya Israeli, Wafinisia, Wawelisi, au taifa fulani bora lililoishi hapa na kumalizwa na "washenzi" waliokuja baadaye. Tusidhani hizi zilikuwa porojo za wasomi tu. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji kwenda magharibi ya mto Mississippi, na Desemba ya mwaka huohuo, akiitetea mbele ya Bunge, aliwataja wajenzi wa vilima kuwa taifa lenye nguvu lililotoweka kuyapisha makabila yaliyopo. Maana yake ni nyepesi kuishika: kama hawa nao waliwaondoa wengine, kuwaondoa hawa si dhuluma. Wayandot, taifa la mwisho kuhamishwa Ohio, waliondoka 1843. Hadi leo Ohio na Kentucky hazina hata taifa moja la wenyeji linalotambuliwa na serikali kuu ndani ya mipaka yao.

Wengi wetu tuliofika miji hii kupitia kambi za Dadaab, Kakuma au Nyarugusu tunajua uzito wa mtu kuambiwa kwamba nchi aliyozaliwa si yake, kwamba babu zake walikuwa wapitaji. Ndiyo maana naona habari hii inatuhusu kuliko inavyodhaniwa.

Uongo huo ulivunjwa kwa kuchimba. Cyrus Thomas wa Smithsonian, aliyeanza kazi akiwa mwenyewe anaamini habari za taifa lililopotea, alituma watu wakachimba maelfu ya vilima. Ripoti yake ya 1894 ilihitimisha kwamba waliojenga ni mababu wa wenyeji walewale waliofukuzwa. Ushahidi ulikuwa mwingi: zana zilezile, mazishi yaleyale, hata vitu vya Kizungu ndani ya vilima vilivyojengwa baada ya Wazungu kufika. Lakini haki ilichelewa. Ripoti ilitoka zaidi ya miaka 60 baada ya sheria ya Jackson, na ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa.

Pwani yetu imepitia njia hiyohiyo. James Kirkman alichimba Gedi kuanzia 1948, akafanya kazi ya uangalifu ambayo bado inategemewa, lakini kitabu chake cha 1954 kiliuita mji huo wa Waarabu tangu kwenye jalada. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akatuachia majuzuu mawili mazito yaliyotoka 1974. Alipochimba Manda akaamini kwamba mji ule ulianzishwa na wahamiaji kutoka Ghuba ya Uajemi. Mwafrika katika maelezo hayo alikuwa kibarua au mtumwa, au mke wa mfanyabiashara.

Kisha Mark Horton akaingia Shanga, kisiwani Pate, kati ya 1980 na 1988. Chini ya msikiti wa matumbawe alikuta msikiti wa zamani zaidi, na chini ya huo mwingine, na chini kabisa madoa ya mashimo ya nguzo: msikiti mdogo wa miti, wa karne ya nane. Madoa yaleyale ya Indiana. Mji haukushushwa melini ukiwa umekamilika. Ulikua hapohapo kutoka kijiji cha miti na udongo. Felix Chami kwa upande wa Tanzania, na George Abungu na Chapurukha Kusimba kwa upande wa Kenya, walionyesha kwa vigae na kwa mabaki ya uhunzi kwamba watu wa pwani na wa bara walikuwa wa jamii moja ya ufundi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa pwani, wa kati ya karibu 1250 na 1800. Ulikuta damu ya Kiafrika, hasa kupitia akina mama, na damu ya Asia, nyingi yake ya Kiajemi, kupitia akina baba, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Wazee waliosimulia Ushirazi, yaani asili ya Uajemi, hawakusema uongo. Waliosema kwamba Waafrika hawakujenga ndio waliokosea.

Turudi bonde la Ohio, maana kuna upande mwingine wa beleshi ambao lazima usemwe.

Kentucky magharibi, karibu na mahali mto Ohio unapoingia Mississippi, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Fain King alinunua mji mwingine wa zama hizohizo, Wickliffe, na mapema miaka ya 1930 akaufungua kwa watalii kwa jina la "Mji wa Kale Uliozikwa". Watalii walilipa kiingilio kuona mifupa ya watu ikiwa imelala wazi makaburini. Mifupa halisi iliendelea kuonyeshwa hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na mwishoni mwa 1987, katika shamba la Slack karibu na Uniontown, Kentucky, wanaume kumi walimlipa mwenye shamba dola 10,000 wapate ruhusa ya kuchimba. Shamba lile lilikuwa juu ya kijiji cha kale ambacho wanaakiolojia wanaona kilikuwa cha kizazi kilichofuata baada ya mji wa Angel kuachwa. Wanaume wale walichimba kwa trekta, wakatafuta vyungu na vitu vya kuuza, wakavunja mamia ya makaburi na kutawanya mifupa juu ya ardhi pamoja na makopo yao ya bia. Polisi walipofika, sheria ya Kentucky ililihesabu hilo kuwa kosa dogo tu.

Hasira iliyofuata ilibadilisha sheria. Mwaka 1988 Kentucky ililifanya kuwa kosa la jinai zito, na 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda makaburi ya wenyeji na kurudisha mabaki yao. Kwa sheria hiyo, hata kazi ya heshima ya Glenn Black ilibidi ihojiwe. Naye alifukua makaburi. Mifupa ya mamia ya watu wa Angel ilikaa kwenye maboksi ya chuo kikuu kwa miongo mingi, huku vizazi vya makabila ya bonde lile vikiwa vimetupwa Oklahoma. Indiana University imekwisha kuyarudisha mabaki hayo kwa mataifa yanayohusika. Namheshimu Black kwa uangalifu wake, lakini sioni sababu ya kuyapamba maneno: mfu wa mtu hakuwa mali ya makumbusho, na wenyeji walikuwa wakisema hivyo tangu mwanzo.

Wasomaji wa Buffalo wana mfano mgumu zaidi karibu nao. Arthur Parker alizaliwa 1881 katika hifadhi ya Cattaraugus ya Waseneca, kusini mwa Buffalo. Babu yake mdogo, Ely Parker, ndiye aliyeandika kwa mkono wake masharti ya Jenerali Lee wa jeshi la Kusini kusalimu amri mwaka 1865, naye amezikwa Forest Lawn mjini Buffalo. Mwaka 1906 Arthur alichimba kijiji na makaburi ya Waerie huko Ripley, kando ya ziwa lililobeba jina lao, kwa niaba ya makumbusho ya jimbo la New York. Waerie walikuwa wametawanywa na majirani zao wa shirikisho la Haudenosaunee, Waseneca wakiwemo, katika miaka ya 1650. Kwa hiyo kijana wa Kiseneca alikuwa akiandika habari za watu walioshindwa na babu zake, kwa taratibu za wasomi wa Kizungu, na akaziandika vizuri. Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha wanaakiolojia wa Marekani. Jirani zake hawakufurahia daima kuona makaburi yakifunguliwa, na sidhani kwamba kuwa mtoto wa nyumbani kunamwondolea mtu wajibu wa kuomba ruhusa. Ila kabla yake, hadithi ya wenyeji katika eneo lile iliandikwa karibu yote na wageni.

Jambo moja zaidi kuhusu Black, kwa sababu ni la kazi na si la sifa. Uchimbaji hubomoa kile unachokichunguza. Tabaka likishaondolewa halirudi. Kwa mfano, mji wa Ani, mji mkuu wa Armenia katika karne ya 10 na 11, ulichimbwa na Nikolai Marr tangu 1892, na kwa mfululizo kuanzia 1904 hadi 1917. Vita vilipofika, baadhi ya vitu viliokolewa, lakini vingine vingi na sehemu kubwa ya kumbukumbu za uchimbaji vilipotea, na hasara hiyo haiwezi kufidiwa kwa kuchimba tena. Lakini ramani, picha na madaftari ya Angel vipo Bloomington, katika Indiana University. Ndiyo maana wasomi wa leo wanaweza kupima upya tarehe za boma, na kupitisha vyombo vya sumaku juu ya sehemu ambazo hazijaguswa, kazi ambayo Black mwenyewe aliianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Sehemu kubwa ya mji bado imelala ardhini. Kwa nini watu wake waliondoka karibu 1450? Wapo wanaotaja ukame, wengine vita, wengine siasa za wakuu.

Columbus nako mambo yamesogea. Boma la pembe nane la Newark lilikodishwa kwa klabu ya gofu tangu 1910, watu wakapiga mipira juu yake zaidi ya karne nzima, huku wageni wengine wakiruhusiwa siku chache tu kwa mwaka. Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua Desemba 2022 kwamba shirika la historia la jimbo lina haki ya kulirudisha. Septemba 2023 UNESCO iliviingiza vilima hivyo, pamoja na vingine vya Ohio, katika Urithi wa Dunia. Gedi ikaingia mwaka uliofuata. Tangu Januari 1, 2025, pembe nane iko wazi kwa umma.

Basi wazazi wa Columbus, wapelekeni watoto Newark. Wa Louisville, jipangeni katika magari mwende Angel Mounds siku moja ya kiangazi. Vijana wa Buffalo, someni habari za Waseneca, kwani bado wapo, ni majirani zenu, na wana makumbusho yao Salamanca. Na ninyi mnaolima bustani na mashamba pembeni mwa miji hii: ukikuta mfupa wa binadamu ardhini, weka jembe chini, usiuguse, piga simu polisi. Ukikuta ncha ya mshale au kigae, usikubali kumuuzia mtu. Kiache mahali kilipo, upige picha, na uulize makumbusho ya jimbo lako.